MAZIWA, CHACHU NA MAJI YA VUGUVUGU



Wamama wengi wanauliza: namna gani yaurti yenye kutoka Goma inashikamana vizuri, lakini ile ya nyumbani inabakia maji ao inakuwa kali sana? Wengine wanafikiri ni sukari, wengine wanasema ni ngombe. Hapana. Ni joto.

Sisi wa Pinga tuko katikati. Upande mmoja ni malisho ya Masisi, upande mwingine ni pori ya Walikale na machimbo yake. Tangu vita ya mwaka 1993 ngombe wengi wa Masisi waliibiwa ao kuchinjwa, na maziwa yenye kufika kwetu ni ya taabu. Basi kila glasi inayoharibika ni hasara kwa watoto.

Mashanza tunayajua tangu wazee wetu, na ni chakula kizuri. Lakini mashanza ya maziwa mabichi yanaweza kuleta kifua kikuu cha ngombe, na ugonjwa wa bruselozi, yaani homa yenye kuenda na kurudi pamoja na maumivu ya viungo. Kuchacha peke yake hakuui vijidudu hivyo vyote. Moto ndio unaviua. Ndiyo sababu yaurti inaanzia kwenye moto.

Mwaka 1905 mwanafunzi mmoja wa Bulgaria, Stamen Grigorov, akiwa Geneva, alichunguza maziwa ya kwao na kuona kijidudu chenye kuyagandisha. Kijidudu hicho na mwenzake vinapenda joto la digri 42 mpaka 45. Ukivitia katika maziwa ya moto sana, vinakufa. Ukiviacha kwenye baridi, vinalala. Kanisa la Laodikia lilikaripiwa sababu ya uvuguvugu (Ufunuo 3), na kwa roho zetu onyo hilo linabakia. Lakini chachu ya maziwa, wapendwa, haina kazi nje ya vuguvugu!

Huko Ulaya kuna mashini yenye kushika joto la maji yenyewe: yakipoa inawaka, yakifika kipimo inazima. Sisi hatuna mashini hiyo, lakini maji tunayo, na maji hayapoteshi joto mbio. Fanya hivi:

1. Chemsha vyombo vyote: sufuria, kijiko, bokali na vifuniko vyake.

2. Weka litre 1 ya maziwa kwenye moto. Yakikaribia kuchemka, punguza makala na uyaache dakika 10 ukikoroga. Kama ni maziwa ya poda, kopo la gramu 400 linatoa karibu litre 3. Tumia maji yaliyochemka.

3. Tia sufuria ndani ya maji baridi mpaka maziwa yapoe. Tone la maziwa kwenye mkono lisikie moto bila kuunguza.

4. Chukua vijiko 2 vikubwa vya yaurti isiyo na sukari, koroga kwanza na maziwa kidogo, kisha changanya na yote. Mimina katika bokali na ufunike.

5. Sasa maji. Kwa kikombe kimoja, pima maji yenye kuchemka mara 1 na maji baridi ya mtungi mara 2. Mchanganyiko huo unakaribia digri 45 bila kipimo chochote. Tia maji hayo katika sufuria kubwa, simamisha bokali ndani, maji yafike usawa wa maziwa.

6. Funika, funga na blanketi, weka ndani ya kikapu chenye majani makavu ya ndizi. Kila saa moja tia kidole ndani ya maji. Kama yamepoa, toa kikombe kimoja na uongeze cha moto, ukimwaga pembeni, si juu ya bokali. Usitikise. Kisha saa 5 ao 6 yaurti imeshikamana.

7. Itie katika maji baridi kivulini. Bila frigo, imalize siku hiyo ao kesho yake. Ikiwa na ukungu, rangi ya pinki ao harufu mbaya, itupe. Kabla ya kutia sukari, weka vijiko 2 pembeni kwa kupika tena kesho. Chachu ikichoka na yaurti ikawa nyepesi, tafuta chachu mpya.

Maonyo mawili. La kwanza: usipime maji haya na kile kipimo cha homa cha kioo. Kinafika digri 42 tu. Joto likizidi kinapasuka, na ndani yake kuna zebaki.

La pili ni kubwa zaidi. Zebaki hiyohiyo ndiyo ile dawa nzito yenye kung'aa ya kukamata dhahabu. Baba akirudi na beseni ya machimbo, beseni hiyo isiingie jikoni hata siku moja, hata ukiiosha na sabuni mara saba. Sufuria yenye kuchomea dhahabu isipike chakula. Zebaki haionekani katika maziwa, lakini inaharibu mishipa na ubongo, na mtoto aliye tumboni ndiye anapata hasara kubwa zaidi. Vilevile bido ya mazuti haiwezi kuwa bido ya maziwa.

Mtoto chini ya miezi 6 anyonye ziwa la mama tu. Kisha umri huo yaurti inasaidia, pamoja na maharagi, samaki na sombe. Haichukui nafasi yake.

Wababa, neno la mwisho ni lenu. Franka za machimbo zinakuja siku moja na kwisha siku moja. Kopo moja la maziwa linunuliwe mbele ya chupa ya kwanza ya pombe. Mama atafanya kazi ya saa sita akilinda joto la maji. Nanyi mlinde yale yenye kuingia nyumbani.

Mungu abariki nyumba zenu. Tuonane mwezi ujao.

Mchungaji wenu