Kizimkazi si ya saa tatu tu

Wadau, naomba niulize swali la kizushi. Kwa nini kijana wa Dar anayeweza kukutajia vijiji vyote vya Santorini kwa picha za mtandaoni hajui gari ya Kizimkazi inapita njia gani? Na sizungumzii asiye na uwezo. Nazungumzia sisi tunaopokea mshahara, tunaolalamika kila siku kwamba utalii wa Zanzibar ni wa Wazungu, halafu tukivuka maji tunaishia Forodhani. Urojo, mishkaki, picha mbili tatu na jua linalozama, kisha boti ya Jumapili, basi. Tumeiona Zanzibar!

Anayethubutu kutoka nje ya mji naye hununua ile safari ya siku moja. Mnaijua: unachukuliwa hotelini alfajiri, unapelekwa Kizimkazi kuwaona pomboo, unasimama Jozani dakika arobaini kuwaangalia kima punju, jioni unarudishwa. Ukiwa umelala Nungwi umevuka kisiwa kizima, kutoka ncha ya kaskazini mpaka ya kusini, kwa ajili ya saa tatu tu kijijini. Piga hesabu mwenyewe. Gari ya mjini, dereva wa mjini, mwongozaji wa mjini, aliyekuuzia tiketi wa mjini. Kizimkazi kinabaki kiasi gani? Kodi ya boti, na pengine sahani ya wali kwa samaki.

Mimi nasema hivi: nendeni shamba kama Waunguja wanavyokwenda shamba, kwa daladala, na mkifika mlale.

Daladala ya Kizimkazi ni namba 326. Njia yake yenyewe ni ziara tosha. Unatoka mjini kupitia Mwanakwerekwe, Tunguu, unaipita njia ya kuingilia Unguja Ukuu, unaingia kwenye kivuli cha msitu wa Jozani (hifadhi ya taifa tangu mwaka 2004, na ndiko makao makuu ya kima punju, mnyama ambaye dunia nzima kwao ni Unguja), halafu Kitogani. Hapo wa Paje wanakwenda kushoto, wewe unaendelea kusini kupitia Muyuni. Ni kilomita hamsini na kitu, lami, lakini usitegemee kufika kwa saa moja. Gari inashusha magunia, inapandisha ndoo, inamsubiri mtu aliyesahau simu. Ndani humo salamu ni lazima. Safari moja bibi mmoja aliyekaa mbele yangu aliitikia shikamoo yangu, akaniuliza, "Mwanangu, unashuka Kizimkazi ipi?" Swali la maana sana hilo, maana Kizimkazi ziko mbili: Dimbani na Mkunguni. Ramani yako ya simu haitakwambia lipi ni boma la nani, bibi atakwambia.

Sasa watu wa Dar, tusidanganyane kuhusu kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Ukipanda boti ya saa moja asubuhi, utashuka Malindi saa tatu. Mpaka upate gari, ijae, iondoke, ifike, ni mchana. Pomboo hutafutwa asubuhi mapema, bahari ikiwa imelala. Kwa hiyo usiku mmoja Kizimkazi si anasa, ndiyo hesabu yenyewe. Nyumba za wageni zipo.

Na kabla ya kupanga siku, uliza maji. Hili wageni wengi hawalijui kabisa. Wakati wa bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya Unguja hukauka sana mnamo saa nne asubuhi na kujaa saa kumi alasiri. Ukitaka kuogelea saa nne utatembea juu ya mwani na matope mpaka uchoke. Uliza na upepo pia: kusi ikivuma kwa nguvu, kuanzia Juni hivi mpaka Agosti, bahari ya huku kusini si ya mchezo. Ukienda Ramadhani beba subira, usitegemee mgahawa wa kijijini ufunguliwe mchana kwa ajili yako.

Nije kwenye pomboo, maana hapa ndipo nitagombana na baadhi yenu. Zamani wavuvi wa Kizimkazi waliwawinda pomboo, nyama yao ikawa chambo cha papa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 utalii ukaja, pomboo hai akawa na faida kuliko pomboo aliyekatwa vipande. Mwaka 1997 ghuba ikawa Eneo la Hifadhi la Menai. Habari njema, sivyo? Lakini nenda uone asubuhi boti zinavyozunguka kundi moja la pomboo, injini zinanguruma, watu wanarushwa majini mbele yao kama abiria wa Mbagala wanaogombea mlango. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kuhusu pomboo hawa hawa wa kusini mwa Unguja ulionyesha kwamba boti za watalii zikiwepo, majike hupunguza sana muda wa kupumzika. Hawaii mwaka 2021 wamepiga marufuku kuogelea na pomboo wa aina ya kule au kuwasogelea chini ya kama mita 45. Hata huko Ugiriki, mwaka 2018 serikali ilisema punda wa watalii asibebeshwe zaidi ya kilo 100 au moja ya tano ya uzito wake. Sisi tunangoja nini?

Nahodha hana kosa peke yake. Anayepiga kelele "sogea, sogea, nataka kuruka" ni mteja. Kodi boti pale pale kijijini, mwambie nahodha mapema kwamba huna haja ya kuruka, azime injini kwa mbali. Utashangaa, mara nyingine pomboo wanakuja wenyewe.

Halafu usiondoke bila kuuona msikiti wa Dimbani. Kwa nje ni nyumba ya bati tu, unaweza kuipita. Ndani, kwenye kibla, kuna maandishi ya Kikufi yaliyochongwa, yenye mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Muombe mwangalizi ruhusa, vaa kiheshima, vua viatu, toa sadaka. Kuna watu wamelipa nauli ya ndege kwenda kupiga picha makanisa ya Ulaya ambayo ni machanga kuliko hapa. Kwi kwi kwi.

Kwa wakubwa nina ombi moja. Kizimkazi ndiko alikozaliwa Rais Samia, na kila Agosti Tamasha la Kizimkazi linajaza viongozi na magari ya kifahari. Safi. Lakini Septemba ikifika, mgeni aliyeko Dimbani saa kumi jioni hajui kama gari ya mjini bado ipo au imeshaondoka, anabaki kuuliza kila mpita njia. Santorini mabasi yao yote yanaanzia Fira na saa zimebandikwa ukutani, mzee wa kijijini na mtalii wanasoma karatasi moja. Hata mwalimu anayefundisha Muyuni na kulala mjini angefaidika. Ubao mmoja Kitogani, mmoja Dimbani, wenye saa ya gari ya kwanza na ya mwisho. Mbao na rangi zinapatikana hapo hapo mjini.