Kompyuta Haijui Ini Lako

Wasee, wiki hii TikTok yangu imejaa stori moja: ati kompyuta sasa inaweza kubashiri kama kemikali itaharibu ini, figo ama moyo wako kabla hata hujaimeza. Kila mtu anashangilia. Na mimi pia, lakini polepole.

Stori yenyewe si ya mchezo. 1993 huko Marekani, wagonjwa 15 wa homa ya ini aina ya B walijaribiwa dawa mpya, fialuridine. Wanyama walikuwa wameipita sawa. Wagonjwa 7 maini yakafeli. 5 wakafa, 2 wakapona kwa kuwekewa maini mengine. Panya akisema sawa, mwili wako haujasema chochote.

Ndio maana kompyuta ni muhimu. Unaipa maelfu ya kemikali ambazo tunajua zilifanya nini, inasoma maumbo yake, halafu inakisia mpya. Ni kama wewe na karatasi za KCSE za miaka iliyopita. Ukizisoma vizuri, unatabiri swali.

Sasa niulize: hizo karatasi zilitungwa na nani? Kwa mwili wa nani?

Shangazi yangu alitumia efavirenz miaka kadhaa. Usiku ndoto za kutisha, asubuhi anashika ukuta ndio atembee. Kliniki wakamwambia avumilie. Sisi nyumbani tukasema ni mawazo mengi. Manze, bado inaniuma.

Kumbe Waafrika wengi kuliko Wazungu wana aina ya jeni ya CYP2B6 inayofanya ini livunje dawa hiyo polepole. Dawa inajaa kwenye damu, kichwa kinazunguka. Dozi ilikuwa 600 mg kwa wote. Baadaye utafiti ukaonyesha hata 400 mg inafanya kazi vile vile. Shangazi hakuwa anadeka. Dozi ilikuwa kubwa kwa mwili kama wake.

Kuna mtu ataniambia, "Wewe uliacha chuo mwaka wa pili, unajua nini?" Najua hii: kompyuta haina uchawi. Ukiilisha data ya watu wa mbali, itabashiri vizuri watu wa mbali. Sisi itatukisia tu, na itakisia kwa ujasiri. Hiyo ndiyo noma.

Sisemi mtu aache dawa zake. Ukiona mwili unakataa, rudi kwa daktari, useme, na usinyamazishwe.

Nasema serikali ilipe maabara zetu zipime damu zetu, na data ibaki na jina letu. Na wewe unayesomea kemia ama kompyuta hapa Kenya, hii ni kazi yako, usingoje Mzungu aje kuifanya.

Siku ingine ukiona video ya hayo maajabu, usiweke emoji ya moto. Andika maneno matatu: data ya nani?