Laptopu ya zamani: Kusubiri mpya, kununua mtumba au kuihama Windows?

TAREHE 14 Oktoba mwaka 2025 ilipita bila kishindo katika vitongoji vya Dar es Salaam. Kompyuta ziliwashwa asubuhi yake kama kawaida, barua zikachapwa, fomu zikajazwa, na wengi hawakujua kwamba siku hiyo kampuni ya Microsoft ya Marekani ilikuwa imesitisha rasmi huduma kwa Windows 10, mfumo wa uendeshaji uliozinduliwa Julai 2015 na ambao umeendesha sehemu kubwa ya kompyuta mpakato, au laptopu kama wengi wanavyoziita, zilizoingia nchini katika miaka kumi iliyofuata.

Kwa mkazi wa Kimbiji, kata ya mwambao iliyoko kusini mwa Wilaya ya Kigamboni, eneo lililokuwa chini ya Temeke kabla ya Kigamboni kuwa wilaya, jambo hili linaweza kuonekana kuwa la watu wa mbali. Lakini si la mbali hata kidogo. Shughuli nyingi zinazomkutanisha mwananchi na Serikali zimehamia kwenye intaneti. Mwanafunzi huomba mkopo wa elimu ya juu kwa intaneti. Mhitimu hutuma maombi ya kazi kwa Sekretarieti ya Ajira kwa intaneti. Mfanyabiashara huwasilisha ritani za kodi kwa njia hiyo hiyo, na fundi anayetaka zabuni ya halmashauri hulazimika kupitia mfumo wa NeST, ulioanza kutumika mwaka 2023 kuchukua nafasi ya TANePS. Asiye na kompyuta yake huenda steshenari. Kwa hiyo laptopu moja iliyochoka katika duka dogo la kutoa nakala si mali ya mwenye duka peke yake. Mtaa mzima unaitegemea.

Wenye laptopu hizo, wawe walimu, makarani au wenye maduka, wamekuwa wakiahirisha kuzibadilisha mwaka hadi mwaka. Ada za shule hutangulia, kodi ya pango hutangulia, na laptopu ikiwa bado inawaka, husubiri. Sasa swali limekuja na tarehe: je, waendelee kusubiri, na wakisubiri, wanasubiri nini hasa?

Kwanza ni vyema kueleza kilichokoma. Windows 10 haikuzimwa. Kilichosimama ni marekebisho ya usalama ambayo Microsoft ilikuwa ikiyatoa kila mwezi bila malipo ili kuziba mianya wanayoitumia wadukuzi. Mwanya utakaogunduliwa baada ya tarehe hiyo utabaki wazi katika kompyuta isiyo na mpango wa nyongeza.

Hatari hiyo si hadithi ya kutishia watoto. Mei 2017 virusi vilivyoitwa WannaCry vilivamia kompyuta katika nchi zaidi ya 150, vikafunga mafaili na kudai fidia. Hospitali za umma za Uingereza zililazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa. Jambo ambalo husahauliwa ni kwamba Microsoft ilikuwa imetoa dawa ya mwanya huo mwezi Machi, miezi miwili kabla, na kompyuta nyingi zilizoathirika zilikuwa na Windows 7, ambayo wakati huo ilikuwa bado inahudumiwa. Wenyewe hawakuwa wameiweka dawa.

Hapo ndipo watumiaji wengi wa Dar es Salaam wanapaswa kujitazama. Ni desturi iliyoenea kuzuia laptopu isipakue marekebisho ili kuokoa bando. Kwa mwenye desturi hiyo, tarehe 14 Oktoba haikubadilisha chochote. Alikuwa nje ya ulinzi tangu siku alipozima marekebisho hayo. Kununua laptopu mpya na kuendelea na tabia ile ile ni kutupa fedha.

Kwa wale wanaotaka kuhamia Windows 11, kikwazo kiko kwenye vifaa. Mfumo huo, uliotoka Oktoba 2021, unadai RAM isiyopungua GB 4, nafasi ya GB 64, kifaa cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0, na prosesa iliyomo katika orodha ya Microsoft. Kwa upande wa Intel orodha hiyo huanzia kwa kiasi kikubwa kizazi cha nane, kilichoanza kutoka Agosti 2017. Kizazi husomeka kwenye namba ya prosesa: i5-8250U ni ya kizazi cha nane na inakubalika, ilhali i5-6300U ni ya sita na haikubaliki, hata kama laptopu yenyewe inang'aa na ina RAM ya kutosha.

Tofauti hii ndogo ya tarakimu ndiyo inayopaswa kuwa akilini mwa kila anayevuka kwa kivuko kwenda kutafuta laptopu ya mtumba Kariakoo au katikati ya jiji. Soko hilo hulishwa na kampuni kubwa za Ulaya, Marekani na nchi za Ghuba, ambazo hubadilisha laptopu za wafanyakazi wao kila baada ya miaka michache. Za zamani hununuliwa kwa jumla, nyingi hupitia Dubai, kisha hufika Dar es Salaam zikiwa zimesafishwa na kuwekewa chaja. Ni biashara yenye manufaa. Laptopu ya ofisini iliyotumika miaka minne mara nyingi ni imara kuliko mpya ya bei ya chini yenye bodi ya plastiki.

Lakini kukoma kwa Windows 10 kumebadilisha aina ya mzigo unaotupwa sokoni. Kampuni hizo zilipolazimika kuhama, zilizotolewa kwanza ni zile zisizoweza kupokea Windows 11, yaani za kizazi cha sita na cha saba. Mnunuzi anayefurahia kukuta bei imeshuka anapaswa kujiuliza imeshuka kwa nini. HP EliteBook 840 G3, kwa mfano, ni laptopu nzuri sana, ila prosesa yake ya Intel ni ya kizazi cha sita. Nduguye G5 kwa kawaida huja na ya nane. Kwa macho mtu anaweza asione tofauti kubwa.

Jambo lingine ni kwamba laptopu isiyokidhi masharti inaweza kuwekewa Windows 11 kwa njia za mkato zinazojulikana na mafundi wengi. Ikiwashwa dukani huonyesha Windows 11 kama nyingine yoyote. Microsoft imesema wazi kwamba kompyuta za namna hiyo hazina haki ya kupata marekebisho. Huenda zikaendelea kuyapata, huenda siku moja yakakatika. Kwa matumizi ya nyumbani mtu anaweza kukubali bahati nasibu hiyo. Kwa duka linalohudumia watu mia ni jambo jingine. Kwa hiyo mnunuzi asiridhike na picha ya kwenye kioo, aombe kuona jina la prosesa katika mipangilio ya mfumo.

Akiwa hapo hapo dukani, aombe pia laptopu izimwe na kuwashwa upya, aone kama kuna neno la siri linalodaiwa kabla ya Windows kuanza. Laptopu zilizotoka katika makampuni wakati mwingine huwa bado zimefungwa na mmiliki wa kwanza, au bado zimeandikishwa katika mfumo wake wa usimamizi, na siku Windows inapowekwa upya hudai anwani ya mfanyakazi wa kampuni iliyoko ng'ambo. Betri nayo ipimwe. Laptopu inayozimika mara chaja inapochomolewa imepoteza faida yake kubwa kwa mkazi wa pembezoni mwa jiji, ambaye huipenda laptopu kuliko kompyuta ya mezani hasa kwa sababu umeme ukikatika kazi haipotei.

Kuna wanaosema heri kusubiri kidogo, bei za mpya zishuke. Kwa miaka mingi ushauri huo ulikuwa sahihi, kwa kuwa kila mwaka fedha ile ile ilinunua mashine bora zaidi. Mwishoni mwa mwaka 2025 mambo yaligeuka. Viwanda vitatu vinavyotawala utengenezaji wa chipu za RAM duniani, yaani Samsung, SK Hynix na Micron, vilielekeza sehemu kubwa ya uwezo wao kwenye chipu za vituo vya akili mnemba, ambazo zina faida kubwa zaidi. RAM ya kompyuta za kawaida ikaadimika, bei zikapaa. Desemba 2025 Micron ilitangaza kuachana na biashara ya RAM na diski za chapa ya Crucial zilizokuwa zikiuzwa kwa watumiaji wa kawaida. Watengenezaji wa laptopu walianza kuonya kuwa bei zingepanda au RAM ingepunguzwa.

Kusubiri kwa matumaini ya bei kushuka, kwa hiyo, hakuna msingi uliokuwapo zamani. Wala unafuu wa kodi si wa kutegemewa sana kwa upande wa forodha, kwani katika ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ulioanza mwaka 2005, kompyuta ziko tayari katika kundi la asilimia sifuri. Hakuna cha kupunguza hapo. Kinachobaki kuamua bei ni soko la dunia, nguvu ya shilingi mbele ya dola, usafirishaji na faida ya muuzaji.

Ipo njia ya kununua muda. Microsoft ilifungua mpango wa nyongeza kwa watumiaji binafsi wa Windows 10, wenye ukomo wa tarehe 13 Oktoba 2026, kwa malipo ya dola 30, au bila malipo kwa anayekubali kuhifadhi mipangilio yake kupitia akaunti ya Microsoft. Ofisi na makampuni yaliwekewa bei nyingine: dola 61 kwa kompyuta moja mwaka wa kwanza, na kiasi hicho kuongezeka maradufu kila mwaka hadi mwaka wa tatu. Hesabu yake ni rahisi. Miaka mitatu hufikisha dola 427 kwa mashine moja, fedha ambazo ofisi yoyote ingekuwa na busara zaidi kuzitumia kununua mashine nyingine.

Njia inayotajwa kwa nadra, na pengine inayostahili kutazamwa zaidi, ni kuiacha Windows. Mifumo ya familia ya Linux kama Ubuntu na Mint hutolewa bure, hufanya kazi vizuri kwenye laptopu ambazo Windows 11 imezikataa, na hupata marekebisho kwa miaka kadhaa, Ubuntu 24.04, kwa mfano, iliahidiwa miaka mitano tangu Aprili 2024. Dar es Salaam si mgeni wa jambo hili. Ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilichokuwa kitovu cha mradi wa KiLinux, ambao mwaka 2004 ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zenye lugha ya Kiswahili, wakati ambapo Microsoft ilikuwa bado haijauza za kwake kwa lugha hiyo.

Hata hivyo, programu hiyo haikuenea mitaani kama ilivyotarajiwa, na sababu zilizoikwamisha hazijatoweka. Fundi wa mtaani anaifahamu Windows. Mteja huleta kazi iliyochapwa kwa Word, na ikifunguliwa kwa programu nyingine mpangilio wa kurasa huweza kuyumba, jambo ambalo mwanafunzi anayesubiri kuwasilisha tasnifu hawezi kulivumilia. Printa nyingine zenye mashine ya kunakili hukosa programu za kuziunganisha. Lakini kwa steshenari ambayo kazi yake kubwa ni kufungua tovuti, kujaza fomu na kuchapa PDF, vikwazo hivyo ni vidogo kuliko vinavyodhaniwa. Diski ya SSD badala ya ile ya zamani inayozunguka, pamoja na Linux, huweza kuirudishia uhai laptopu ya mwaka 2014.

Simu haiwezi kuchukua nafasi hiyo, ingawa wapo wanaojaribu. Kuandika barua ya maombi yenye viambatisho sita kwenye kioo cha simu ni adhabu.

Panapohitaji ukali zaidi ni kwenye taarifa za watu. Si ajabu, katika steshenari, kukuta nakala za vitambulisho vya NIDA, vyeti vya kuzaliwa na vyeti vya kidato cha nne zikiwa zimelala ndani ya kompyuta miezi mingi baada ya mteja kuondoka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya na kuchakata taarifa hizo azilinde, na haimtengi mwenye duka dogo kwa sababu tu duka lake ni dogo. Mtu binafsi anayeangalia filamu kwenye Windows 10 anaweza kuendelea kusubiri, na hasara ikitokea itakuwa yake. Mwenye steshenari, wakala wa fedha au karani wa zahanati hana uhuru huo. Kama hawezi kupata mashine ya kizazi cha nane au zaidi, basi ahamie Linux, na kwa vyovyote vile afute nakala za wateja kila jioni.

Kuna pia suala la laptopu inayoachwa. Tangu tarehe 1 Januari 2025 marekebisho ya Mkataba wa Basel yanataka taka zote za kielektroniki, za sumu na zisizo za sumu, zisivushwe mpaka bila ridhaa ya nchi inayozipokea. Mtumba unaofanya kazi hauhesabiwi kuwa taka, na mstari kati ya viwili hivyo ni mwembamba, hasa kwa mashine iliyobakiza mwaka mmoja wa uhai. Kwa upande wa Kimbiji yenyewe, laptopu iliyokufa kwa kawaida huuzwa kwa fundi kama vipuri au huishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Inapokwenda huko, huenda na diski yake, na vyeti vya wateja vikiwa bado ndani.