Voliboli Ukambani: Kwa nini libero na mzuiaji wa kati wapigishwe raundi zilezile?

Pita kwenye viwanja vingi vya shule Kitui au Makueni saa kumi jioni, utaona picha ileile. Timu nzima ya voliboli kwa mstari mmoja: raundi kumi, pushapu, kisha mechi. Seta, libero, yule mrefu wa kati, wote dozi moja.

Ingekuwa sawa kama voliboli ingekuwa ya kupoteza muda tu. Lakini hii sasa ni kazi, jameni. KCB, Kenya Pipeline na Magereza husaka wachezaji, na huwasaka kwa nafasi zao. Tena Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia sekondari ya juu, na kati ya mikondo mitatu kuna Sanaa na Sayansi ya Michezo. Ukishaiita sayansi, lazima ueleze nani anafanya zoezi gani na kwa nini.

Mzuiaji wa kati huruka karibu kila shambulizi, lao na la wapinzani, hata mpira usipomfikia. Kinacholia ni kano iliyo chini ya pia ya goti. Huyo anahitaji mapaja yenye nguvu, kufundishwa kutua kwa miguu miwili magoti yakiwa yamekunjwa, na siku za kutoruka kabisa. Libero, nafasi iliyoletwa na FIVB 1998, hazuii wavuni. Maisha yake ni chini: hatua tatu za kasi, breki, mpira juu. Kumpa maruko mia ni kumchosha bure. Mshambuliaji wa pembeni naye ana bega la kutunza, na tyubu kuukuu ya baiskeli iliyofungwa kwenye nguzo inatosha kwa mazoezi ya kuvuta. Na zile raundi kumi? Mpira mmoja kwa kawaida huisha kabla ya sekunde kumi. Unafunza mbio za masafa, sijui za nini.

“Hatuna jim,” kocha atakwambia. Kweli. Ila Wote kuna Kaiti, Kitui kuna Nzeeu, na mito hii ikikauka mchanga ni tele. Kuruka mchangani hupunguza kishindo cha kutua, tofauti na murram ya uwanjani. (Na mchanga huo haubebwi na lori kwenda Nairobi.)

Malkia Strikers walicheza mechi tano Tokyo na tatu Paris 2024 bila kushinda hata seti moja. Wengi husema ni kimo. Lakini Japan, ambayo haitambi kwa urefu, ilitufunga seti 3-0 mara zote mbili.

Hapa ndipo natofautiana na makocha wanaogawa nafasi mapema mno. Mazoezi ya mwili yatofautiane, sawa, ila kupokea na kupandisha mpira kila mtu ajifunze. Msichana wa miaka 14 anawekwa kati kwa sababu ndiye mrefu darasani. Anakoma kukua akiwa mita 1.75, klabu inamwona mfupi kwa kazi ya kati, na miaka minne yote hakuna aliyemfunza kupokea sevu.