BAHARI NI MLANGO WETU, HATA SISI WA ELDORET

Ndugu wafanyakazi,

Ukitaja bahari hapa Eldoret wako wenzetu wanaocheka. Husema, "Bahari ni shauri la watu wa Mombasa. Shauri letu sisi ni mahindi, ngano na viwanda." Mawazo ya namna hiyo yanawapendeza sana wale wanaogawa fedha za ulinzi bila kuulizwa neno. Chama chetu hakikubaliani nayo, na leo twataka kueleza kwa nini.

Twasema hivi: kila shilingi inayoongezwa katika ulinzi wa nchi hii, kwanza iende baharini na ziwani. Hatuombi kodi mpya. Mfanyakazi amekwisha kukatwa vya kutosha.

Tazameni mambo yalivyo. Bomba la mafuta kutoka Mombasa lilifika Nairobi mwaka 1978, na mwaka 1994 likafikishwa huku kwetu Eldoret na Kisumu. Malori yanayojaza hapa kwenda Uganda hubeba mafuta yaliyoshushwa melini. Mbolea ya mkulima wa Uasin Gishu imevuka bahari. Ngano tunayoilima haiitoshi nchi, na pengo huzibwa na meli. Hata mshahara unaoingia katika simu yako unategemea nyaya zilizolazwa chini ya bahari, ambazo zilianza kufika Mombasa mwaka 2009. Mwezi wa Mei 2024 nyaya mbili zilikatika upande wa Afrika ya Kusini, na mtandao ukalegea hata huku kwetu. Kenya si kisiwa, lakini hulishwa kama kisiwa. Mlango ukifungwa Mombasa, njaa itabisha hodi Eldoret.

Je, mlango huo umelindwa na nani? Jeshi letu la Wanamaji liliundwa tarehe 12 Desemba 1964, na mpaka leo askari wake ni wachache mno wakilinganishwa na wale wa nchi kavu. Septemba 2008 maharamia wa Kisomali waliiteka meli Faina iliyokuwa ikija Mombasa na vifaru 33. Ilikaa mikononi mwao mpaka Februari 2009, ikaachiliwa kwa fidia. Manowari zilizoizunguka zilikuwa za wageni. Miaka ile bima ya meli ilipanda, na mfanyabiashara hakuilipa kwa mfuko wake. Aliitia katika bei, tukailipa sisi dukani. Aprili 2014 manowari ya Australia ilikamata kilo zaidi ya 1,000 za heroini karibu na pwani yetu. Twawashukuru Waaustralia. Lakini mlinzi wa kuazimwa hurudi kwao siku anayoitaka yeye, wala hakuulizi ruhusa.

Tena kuna mpaka. Somalia ilipeleka mashtaka katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki mwaka 2014, wakigombea na Kenya eneo la bahari la zaidi ya kilometa za mraba 100,000. Oktoba 2021 mahakama ikatoa hukumu, na sehemu kubwa ikaenda kwa Somalia. Serikali yetu iliikataa hukumu hiyo. Haya, kukataa ni neno moja, kulinda ni neno jingine. Na hata tukiacha kabisa eneo hilo la ugomvi, lile ambalo hakuna anayetupinga nalo linataka meli, mafuta na mabaharia wa kulizunguka usiku na mchana. Samaki hawalindwi kwa hotuba. Waulizeni wavuvi wa Migingo, ambao tangu mwaka 2009 wamezoea kusikia ziwani sauti ya askari wa nchi nyingine kabla ya sauti ya askari wao.

Wako watakaotujibu: "Adui yetu anatoka mpakani, kwa miguu. Mmesahau Garissa 2015? Mmesahau El Adde 2016?" Hatukusahau. Vijana waliokufa El Adde ni watoto wa wafanyakazi na wakulima, na wengi wao walifunzwa kazi ya uaskari hapa hapa Eldoret. Hatusemi mpaka uachwe wazi. Lakini kumbukeni: majeshi yetu yaliingia Somalia Oktoba 2011 yakisonga polepole katika matope, na Kismayu ilipatikana Septemba 2012 askari waliposhuka ufukoni kutoka baharini. Hata vita hiyo ya nchi kavu ilihitaji meli.

Wengine watasema twakata tawi tulilokalia, kwa kuwa kiwanda cha risasi kimo mjini kwetu. Ndiyo, kimo, na waliomo ni ndugu zetu. Hatutaki hata mmoja aachishwe kazi. Ila hatutakubali mkate wa watu wachache utumiwe kutufunga midomo sisi sote.

Lakini ndugu, kusema "fedha ziende baharini" hakutoshi. Fedha zaweza kuzama kabla meli haijaelea. Mkataba wa meli Jasiri ulitiwa sahihi mwaka 2003, ikajengwa Uhispania, na kwa ugomvi wa malipo na maswali ya Bunge haikufika Mombasa ila mwaka 2012. Miaka tisa! Mtoto aliyezaliwa siku ya sahihi alikuwa amekwisha kujua kusoma na kuandika.

Na tusidhani ulinzi wa maji ni mizinga tu. Aprili 1994 kivuko cha Mtongwe kilizama na watu zaidi ya 270 wakafa. Septemba 2019, gari lilipoporomoka kutoka kivuko cha Likoni na watu wawili ndani, zilipita siku 13 kabla halijatolewa. Hao walikuwa abiria wa kila siku, watu kama sisi.

Kwa hiyo twadai haya manne:

1. Wananchi waonyeshwe kila mwaka, katika Bajeti, ni shilingi ngapi za nchi kavu, ngapi za anga na ngapi za maji. Mafungu makubwa yasiyochambuliwa ni pazia.

2. Kikosi cha Ulinzi wa Pwani kilichoanzishwa mwaka 2018 kipewe meli, mafuta na wapiga mbizi wa kutosha, baharini na Ziwa Victoria.

3. Meli zinazoweza kujengwa nchini zijengwe nchini. Kampuni ya serikali ya kujenga meli iliundwa mwaka 2020, na karakana ziko Mombasa na Kisumu. Vijana wa vyuo vya ufundi vya Eldoret, wachomea vyuma na mafundi umeme, wapewe nafasi huko bila kujuana na mkubwa.

4. Raia wanaofanya kazi katika karakana hizo wawe na chama chao na mapatano ya mishahara. Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 chawapa haki hiyo. Kazi ya ulinzi isiwe kisingizio cha kumnyamazisha fundi.

Ndugu, tuyasome haya katika matawi, tuyajadili, na mbunge akija kutuomba kura tumwulize habari za meli kabla hajatuuliza habari za mahindi. Mwenye nyumba ndiye anayeshika ufunguo wa mlango, na nyumba hii ni yetu.

Ukimaliza kusoma, mpe mwenzako.

UMOJA NI NGUVU.