Ziwa likifungwa, mvuvi wa Kagunga ahamie kazi gani?

KATIKA miji mikubwa ya Afrika Mashariki, habari ya mhasibu au karani aliyeacha ofisi akawa mwalimu wa mazoezi ya viungo si ngeni tena. Wenye mishahara wanaogopa kisukari na shinikizo la damu, na wapo walio tayari kumlipa mtu kwa saa ili awasimamie wakinyanyua vyuma.

Wanaosimulia mafanikio hayo mara nyingi husahau kwamba yana masharti. Anayehama kazi lazima awe na ujuzi wa kwenda nao, apate wa kuulipia ujuzi huo, na awe na akiba ya kumlisha yeye na familia hadi wateja wamzoee.

Kagunga, kijiji cha Kigoma kilicho mwambao wa Ziwa Tanganyika mpakani na Burundi, ni mahali pazuri pa kuyapima masharti hayo. Huko hakuna aliyeota kubadili kazi. Mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi katika ziwa hilo kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, na wavuvi wakahimizwa kutafuta shughuli mbadala.

Kwa upande wa misuli, vijana wa Kagunga hawana la kufundishwa. Anayevuta wavu wa dagaa usiku kucha angewaaibisha wengi wanaolipia kumbi za mazoezi Dar es Salaam. Ila kijijini hakuna atakayetoa fedha ili atokwe jasho. Jasho huko ni la bure.

Uamuzi wa kufunga ziwa haukutoka hewani. Ziwa Tanganyika ni la pili kwa kina duniani na linamilikiwa na nchi nne: Tanzania, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Zambia. Nchi hizo zilitia saini mkataba wa kulihifadhi Juni 2003 jijini Dar es Salaam, uliozaa Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao yake Bujumbura.

Mwaka huohuo wa 2003, watafiti walieleza katika jarida la Nature kuwa joto limepunguza kuchanganyika kwa maji ya juu na ya chini, hivyo virutubisho vilivyoko kilindini havipandi kama zamani. Walikadiria kuwa uzalishaji wa chakula cha samaki ulishuka kwa takriban asilimia 20, jambo linaloweza kupunguza mavuno ya samaki kwa asilimia 30 hivi. Ukiongeza na nyavu haramu, hoja ya kuwapumzisha dagaa na migebuka inakuwa na uzito.

Kwa hiyo ugomvi si kufungwa kwa ziwa. Ugomvi ni neno "mbadala", ambalo hutamkwa kirahisi na watu ambao mishahara yao haitegemei giza la usiku.

Mvuvi wa dagaa hutumia taa kuwavuta samaki, hivyo siku za mbalamwezi hupumzika. Siku hizo hushona nyavu, huziba mitumbwi, au hupanda kwenye shamba la muhogo. Kwa maana hiyo kazi ya pili anayo tangu zamani, lakini imepimwa kwa siku chache za mwezi mpevu, si kwa miezi mitatu mfululizo.

Mashamba yenyewe hayapanuki kirahisi. Nyuma ya kijiji ni milima, na upande wa kusini, njia ya kuelekea Kigoma mjini, ipo Hifadhi ya Taifa ya Gombe.

Umbali nao ni kikwazo. Mwaka 2015, maelfu ya wakimbizi wa Burundi walipofurika Kagunga na kipindupindu kikazuka, haikuwapo barabara ya kuwaondoa. Ilibidi meli kongwe ya MV Liemba iwachukue kwa awamu hadi Kigoma.

Mbadala mwingine unaotajwa sana mkoani humo ni zao la michikichi, ambalo Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alilipigia debe kuanzia mwaka 2018. Ni zao zuri, lakini mchikichi huchukua takriban miaka mitatu au zaidi kabla ya kuzaa. Mvuvi aliyepanda mche siku ziwa lilipofungwa angerudi majini na kutoka mara kadhaa kabla hajaona tone la mawese.

Ufugaji wa samaki kwenye vizimba una mantiki zaidi, kwa kuwa unatumia ujuzi ambao mvuvi tayari anao. Hata hivyo, kizimba kinataka vifaranga, chakula na mtaji.

Hapo ndipo mipango ilipopishana. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, kwa ajili ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ilisitishwa Aprili 2023, na kurejeshwa kwake kukapangwa kuanzia Julai 2024. Ziwa lilifungwa Mei. Yaani mlango wa kazi moja ulifungwa wiki kadhaa kabla dirisha la mtaji halijafunguliwa.

Wanawake wanaonunua dagaa mwaloni, wakawaanika na kuwauza kwa wafanyabiashara, waliumia vilevile. Wao hawaitwi wavuvi, kwa hiyo mjadala wa shughuli mbadala huwapita pembeni ingawa dagaa wa Kigoma wanaofika sokoni Kariakoo wamepitia mikononi mwao.

Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA, una kampasi Kibirizi, eneo lilelile zinakoanzia boti za kwenda Gombe na Kagunga. VETA nayo ina chuo mjini Kigoma. Miezi mitatu inatosha kwa kozi fupi ya ufugaji wa samaki, ufundi wa injini za boti au usindikaji, ilimradi majina yaandikwe kabla ya Mei, nauli na posho ya chakula vipatikane, na maombi ya mkopo yawe yamekwisha kupitishwa siku mhitimu anapopanda boti kurudi Kagunga.