Visubi katika Vyungu vya Maua



Ama baada ya kumshukuru Allah (S.W.) na kumsalia Mtume wake (S.A.W.), wiki hii twapenda kuzungumza na jamaa zetu juu ya jambo lionekanalo dogo: wadudu weusi, mfano wa visubi, warukao kutoka katika udongo wa maua tuyawekayo ndani ya nyumba.

Tuliitwa baada ya Alasiri katika nyumba moja hapa Vanga ili tusome dua. Mwasumini alioupanda marehemu mwenye nyumba, uliokaa chunguni karibu na dirisha, ulikuwa ukipukutisha majani, na kila ukiguswa wadudu huruka kundi zima. Mama wa nyumba alihofia husuda ya watu. Kijana wake alikwisha nunua dawa ya kupuliza, ilhali chumbani humo hulala mtoto mchanga. Kabla ya kusoma, tulitia kidole udongoni. Kikatoka na tope. Tulipouliza, ilibainika kwamba mama huumwagilia maji asubuhi na mkaza mwana wake huumwagilia jioni, kila mmoja akidhani mwenzake ameusahau mti wa marehemu.

Dua tuliisoma, kwani dua ni kheri daima. Lakini sababu ya maradhi yale ilikuwa ni maji.

Wadudu hawa hawaumi. Jike hutaga mayai katika udongo wenye unyevu. Funza wake, weupe wenye vichwa vyeusi, hula ukungu na majani yaliyooza, na wakizidi hutafuna mizizi midogo. Aghalabu huishi karibu na uso wa udongo, basi sehemu hiyo ikikauka, hawana maisha. Dawa ya kupuliza huwaua warukao tu. Walio udongoni husalia, na sumu huvutwa na watoto wetu.

Atakaye kuwaondoa na afanye haya. Kwanza, asitie maji mpaka udongo ukauke kiasi cha sentimita 5, yaani kidole cha shahada kiingie hadi kifundo cha pili bila kukuta unyevu. Pili, amwage maji yatuamayo katika kisahani, ambamo mbu nao huzaliana, na ahakikishe chungu au mkebe una matundu chini. Tatu, achomeke udongoni kipande cha plastiki ya manjano kilichopakwa mafuta mazito. Visubi huivutikia rangi hiyo wakanasa. Nne, alaze juu ya udongo kipande cha mbatata mbichi. Funza hukikusanyikia, na baada ya siku mbili hukitupa pamoja nao. Mwisho, atandaze juu mchanga mkavu wa chengachenga, usiwe ule wa pwani wenye chumvi. Na asubiri: tangu yai hadi kuruka ni kama wiki 3 au 4, hivyo mwenye kutibu siku mbili akaacha, atawaona tena.

Imepokewa katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, nayo ni kadiri ya viganja viwili vilivyojaa, na akikoga kwa swaa moja hadi mudi tano. Ikiwa katika ibada maji yana kipimo, seuze katika chungu cha maua? Israfu haigeuki kuwa wema kwa sababu imetokana na mapenzi.

Katika nyumba ile, mama na mkaza mwana walikubaliana kwamba mmoja tu atie maji, naye asitie ila baada ya kupima kwa kidole. Dawa ya kupuliza haikutumika. Tulipopita mwezi uliofuata, mwasumini ulikuwa umechipua, na wawili wale walikuwa wameketi pamoja dirishani wakizungumza habari za marehemu.

Twamuomba Allah azijaalie nyumba zetu mashauriano na mapenzi. Wabillahi tawfiq.